Mabalozi wa Amani Hawachezeki

Mwezi wa tisa mwaka jana nilipewa karatasi nisaini. Ilisema kwamba mimi, kama mhamasishaji wa vijana, nimeelewa kuwa mchezo wa karata unaoitwa Codenames hautachezwa tena katika kituo chetu kwa sababu una "maudhui nyeti kwa wanufaika". Sikusaini. Sikukataa pia, maana posho yangu ya mwezi inapitia meza ile ile. Nilisema nitaisoma vizuri nyumbani, nikaikunja nikaitia mfukoni, na mpaka leo iko kwangu. Nyuma yake tumeandika alama: Bluu 14, Wekundu 11.

Naandika kwa watu wa aina mbili. Kuna nyinyi wa Kiziba, Nyabiheke, Mugombwa, Mahama, na wa Kigeme, ambako mimi mwenyewe niliingia mwaka 2012 nikiwa na miaka kumi na miwili, kambi bado inanuka shitingi mpya. Na kuna nyinyi wa mashirika, wenye vizibao, mnaosoma kijarida hiki na kalamu mkononi. Siwachukii. Wawili watatu kati yenu mmekula ugali kwangu. Lakini kwenye jambo hili mmekosea, na kwa kuwa kikaoni nilipewa dakika mbili tu, nitatumia nafasi hii.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: aliutunga Vlaada Chvátil, mtu wa Jamhuri ya Cheki, ukatoka mwaka 2015, na mwaka 2016 ukachukua ile tuzo ya Ujerumani ya mchezo wa mwaka, Spiel des Jahres. Unapanga karata 25 mezani, tano kwa tano, kila karata ina neno. Maneno hayo ni majina ya siri ya majasusi. Makundi ni mawili, wekundu na bluu, kila kundi lina mkuu wake. Wakuu wawili wanaona kadi ndogo ya ufunguo ambayo wengine hawaioni. Hiyo inawaonyesha majasusi wetu ni wapi, wa kwao ni wapi, nani ni mpita njia tu, na nani ni muuaji. Kundi linaloanza lina majasusi 9, lingine 8, wapita njia ni 7, muuaji mmoja. Mkuu anatoa neno moja na namba moja, basi. Hakohoi, hakunji uso, hatupi jicho la wizi kwenye karata. Akisema "Mvua, tatu", nyinyi mtafute maneno matatu yanayokwenda na mvua. Mkigusa muuaji mmekwisha, hata kama mlikuwa mnaongoza.

Sisi tumeongeza hadithi. Kabla ya karata ya kwanza mtu mmoja anasimulia: mji gani, mwaka gani, hawa majasusi wanatafuta nini. Usiku mmoja mji ni Bukavu na kila upande unatafuta siri ya sombe ya mama mmoja. Siku nyingine ni bandari ya Dar es Salaam na kuna sanduku halijulikani ni la nani. Karata ikigeuzwa, msimuliaji lazima aseme huyo jasusi alikuwa nani na alijificha vipi. Jasusi "Nyanya" alikuwa bibi wa miaka themanini, anauza nyanya. Jasusi "Paa" alilala juu ya mabati wiki nzima. Kuna watu wanakuja kwa ajili ya hadithi tu, karata hawazishiki.

Boksi lilikuja na mgeni mmoja wa kujitolea, maneno yote Kiingereza. Alhamisi ya kwanza tulicheza hivyo na ilikuwa kama mtihani. Ya pili tukakata katoni za biskuti tukaandika maneno yetu. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba Kiswahili ni kama kilizaliwa kwa mchezo huu. Kaa ni kaa wa baharini, ni kaa la moto, ni kaa chini. Ndege anaruka na ndege inaruka. Meza ni ya kulia, na chakula unakimeza. Shuka, tai, panda, chungu, unaweza kujaza meza nzima.

Tena Kiswahili chetu si kimoja. Ni kweli kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, lakini mezani kwetu kuna cha Nyamirambo, cha Goma, cha Bujumbura, na cha fundi mmoja wa simu aliyekulia Dar. Huyo fundi alitoa dokezo "Nazi, mbili" na alitaka tuguse "mafuta" na "mbuzi". Sisi wa Masisi, ambako mnazi hauoti hata ukiuimbia, tukamwuliza tangu lini mbuzi akala nazi. Akasema mbuzi ni kile kibao cha kukunia nazi, unakikalia. Tukamwambia anatudanganya. Nusu saa ilipita hapo. Jirani akaitwa kuwa hakimu. Mwisho mvulana wa miaka kumi na tatu, ambaye shuleni wanasema hazungumzi, akasimama akaonyesha kwa mwili wake jinsi mtu anavyoweza kukalia mbuzi na kukuna.

Siku nyingine binti mmoja, mkuu wa bluu, alisema "Safari, tatu". Mezani kulikuwa na ndege, pasi, basi. Rahisi, si ndiyo? Kijana mmoja Mrundi akanyoosha kidole akagusa "kambi". Kambi ndiye alikuwa muuaji. Binti akaruka: "Safari, wewe! Nani anasafiri kwenda kambi?" Kijana akamwangalia bila kuelewa kosa liko wapi. "Mimi," akasema. "Siku mbili, kwa miguu." Nusu ya chumba walicheka mpaka machozi, na ile nusu iliyocheka ndiyo iliyokuwa imefanya safari ya namna hiyo.

Mtu wa tathmini alikuwa ndani siku hiyo. Aliandika kitu.

Wiki mbili baadaye nikaitwa. Nikaambiwa, kwa upole kabisa, kwamba hawa watu wamekimbia vita, kwamba neno "jasusi" linaweza kuamsha majeraha, na neno "muuaji" ndiyo usiseme. Kabla ya kufuta mchezo kabisa, tukaombwa tuujaribu kwa maneno mazuri. Majasusi wakawa Mabalozi wa Amani. Muuaji akawa Changamoto. Nawaapia sitanii. Nilisimama mbele ya vijana ishirini na wawili nikasema, jamani, leo tunatafuta Mabalozi wa Amani tisa, na tukigusa Changamoto tumeshindwa. Msichana wa miaka kumi na minne akainua mkono: "Mabalozi wa Amani wanaficha majina yao kwa nini?"

Nilitafuta jibu. Sikulipata, na sidhani kama lipo. Mchezo mzima umejengwa juu ya siri, ukiondoa sababu ya siri hadithi inaanguka, na hadithi ikianguka zinabaki katoni za biskuti zenye maandishi. Wiki ya tatu tulikuwa wanane. Ya nne, watatu, na mmoja wao alikuwa amekuja kuchaji simu. Kisha ile fomu ya mwisho wa kipindi, "Umejifunza nini leo?" Yule aliyekalia mbuzi, kabla mabalozi hawajaja, alikuwa ameandika: "Mbuzi pia ni chombo cha kukunia nazi." Wiki ya nne hakuandika kitu.

Sasa hebu niwakumbushe jambo. Kwenye semina ya kwanza ya wahamasishaji niliyowahi kuhudhuria, asubuhi ya kwanza, ili tuchangamke, tulichezeshwa Mafia. Huo ni mchezo wa Dimitry Davidoff, aliyeuanzisha mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Moscow. Watu wanakaa duara. Wachache kwa siri ni wabaya. "Usiku" wote wanafumba macho na wabaya wanachagua wa kuua, "asubuhi" wote wanafumbua na kuanza kushutumiana, halafu wanapiga kura nani atolewe. Hakuna ushahidi. Kuna mdomo tu. Wewe umenyamaza sana, wewe unacheka sana, wewe umekaa karibu na yule. Kijana mmoja tuliyetoka naye Kigeme alinyooshewa vidole na watu kumi kwa mara moja. Kosa lake, alikuwa kimya. Alitoka nje kujisaidia na hakurudi, hata begi lake alilibebewa na mwingine. Mwezeshaji akasema mchezo huu unafundisha mawasiliano.

Mimi Mafia siichezi nyumbani kwangu. Hakuna aliyenikataza. Nimeona unafanya nini na watu wetu, basi. Kwenye Mafia unatafuta adui katikati ya wale mnaokaa nao, na unamtafuta usoni. Kwenye huu mwingine hakuna anayeangalia uso wa mtu, macho yote yako kwenye maneno, na kazi yako ni kuwaza: huyu dada yangu, akisema "mvua", anafikiria nini? Anafikiria mabati? Maharage? Barabara ya Masisi? Unajaribu kuingia kichwani kwa mwenzako ili umpate mtu wenu. Mchezo wenye duara la kushutumiana ulipita kwenye semina yenu kwa sababu jina lake ni la Italia na halitutishi. Huu ukakamatwa kwa sababu una neno jasusi. Mnapekua maneno kama askari anavyopekua mifuko, mchezo wenyewe hamjauona.

Na neno lenyewe, msidhani hatulijui. Tunalijua kuliko nyinyi. Mimi napanga Nyamirambo, mwendo wa dakika kumi kutoka uwanja wa mpira ambao tangu 2023 unaitwa Kigali Pelé Stadium. Mwezi wa kumi mwaka 1990, vita vilipoanza, maelfu ya watu walikamatwa nchini eti ni ibyitso, yaani wasaidizi wa adui, na uwanja huo ukatumika kuwafungia. Wazee wa mtaa wetu bado wanaweza kukuonyesha waliingizwa kwa mlango gani. Mwaka 1998, vita vya pili vya Kongo vilipoanza, watu Kinshasa waliwindwa kwa pua zao na urefu wao, eti wapelelezi. Kwetu Kivu kila kundi lenye bunduki lina wapelelezi wake wa kuwapiga, na mara nyingi ni mtu aliyekwenda kutafuta mbuzi wake upande usio wake. Neno hili limetufanya tukimbie. Njo maana nashangaa mnaponieleza kwamba ni zito.

Angalieni na nyumbani kwa mtunzi. Mpaka mwaka 1989 nchi yake, wakati huo Chekoslovakia, ilikuwa na polisi wa siri walioitwa StB, na majirani waliwaandikia taarifa za majirani. Sijui kama Chvátil aliwaza hayo, pengine alitaka tu watu wafurahi. Lakini mchezo umetoka katika nchi ambayo neno jasusi lilikuwa na jasho, na hakuna aliyewaambia bibi zao wacheze Mabalozi.

Basi boksi likafungiwa kabatini, na sisi tukahamia kwangu. Chumba kimoja na sebule ndogo, mabati, pazia katikati. Jumamosi jioni. Watu sita, mara nyingine kumi na mmoja, wengine wamekaa kwenye madumu. Mchungaji wa mtaa alisema karata ni kamari, nikamwonyesha kwamba zetu hazina mfalme wala pesa, akakaa akacheza. Hilo halikuchukua hata robo saa, sitalirefusha.

Mama mwenye nyumba lilichukua muda zaidi. Usiku wa pili tulipiga kelele, mtu akasema kwa sauti ya kuvunja mabati, "Jasusi wetu wa mwisho yuko wapi?" Mlango ukagongwa. Mama amesimama na kitenge begani. "Jamani, nani jasusi nyumbani kwangu?" Hakuwa anatania. Tukamwingiza, tukamwonyesha meza. Akaangalia karata moja moja, akauliza nani aliandika "shuka" vibaya. Kisha akasema: "Mwanangu, mimi nilikuwa hapa mwaka wa tisini. Chezeni. Lakini irondo wakipita, neno hilo mlitamke polepole. Mimi nikilisikia kwa nguvu usiku, silali."

Tangu siku hiyo kwangu kuna sheria: kwa sauti tunasema "mtu wetu", kwa kunong'ona tunasema "jasusi". Na mchezo ukawa mtamu zaidi kwa kunong'ona. Tazameni tofauti hapo. Mama hakutuletea karatasi. Alituambia linamfanya nini yeye, akaomba kile anachohitaji, na nafasi ikabaki yetu. Sasa hivi yeye ndiye mkuu mkali kuliko wote, anatoa dokezo la nne wakati sisi tunaogopa la mbili.

Na kuanzia tarehe 7 mwezi wa nne, wiki ya Kwibuka, sanduku linakaa chini ya kitanda. Hatuchezi, na ukiniuliza nani alipitisha sheria hiyo, sikumbuki hata kama ilisemwa kwa mdomo. Hakuna mtu mezani kwangu asiyejua mwaka 1994 orodha za majina zilifanya kazi gani katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mtu anayejua hivyo anaweza kuaminiwa na karata za katoni.

Nifike kwa mwalimu, maana bila yeye nisingeandika.

Ni mzee kutoka upande wetu wa Kivu, alifundisha shule ya msingi miaka mingi. Jumamosi nyingi alikaa kwenye kona na chai yake akiangalia. Usiku mmoja mkuu wa wekundu alikuwa amechelewa, mwalimu akasema, "Nipe hiyo kadi." Akaishika karibu na macho kwa sababu miwani yake ina kioo kimoja. Dokezo lake la kwanza lilikuwa zuri, la pili pia. La tatu alichukua muda. Akasema: "Daftari, mbili."

Wenzake wakagusa "mwalimu" mara moja. Sawa. La pili wakalitafuta. Penseli haikuwepo. Wakajaribu "soko", labda daftari la madeni. Mpita njia. Zamu ikaisha, na mwisho wakashindwa kwa karata moja hiyo hiyo. Tulipogeuza, ilikuwa "bariyeri". Ni mimi niliyeiandika karata hiyo, nikiwaza ile ya barabarani ambapo pikipiki zinasimamishwa.

Binamu yangu akauliza: "Mwalimu, daftari na bariyeri, wapi na wapi?"

Akaeleza, maneno machache tu. Kwamba alipokuwa anakimbia alibeba daftari la mahudhurio, kwa sababu alifikiri shule itaendelea upande wa pili. Kwamba kwenye bariyeri walilifungua wakakuta majina arobaini na mawili na alama za vema. Kwamba walisema hii ni orodha ya mpelelezi, anapeleka majina kwa nani? Kwamba mwanafunzi wake wa zamani alikuwa mmoja wa wale wenye bunduki, akajikuta kwenye ukurasa wa pili, na alama mbili za kutofika, akacheka, wakamwachia.

Mimi nimepata mafunzo ya siku tano. Nina cheti. Nilijua kabisa sentensi ninayopaswa kusema hapo, nilikuwa nayo mdomoni. Binamu yangu, ambaye hana cheti cha kitu chochote, akatangulia: "Sasa hilo si dokezo, mwalimu. Hilo unalijua wewe peke yako. Umetupotezea mchezo." Mwalimu akamtazama. Akasema, "Ni kweli. Nilidhani kila mtu anajua." Na akacheka, akaomba chai.

Wiki mbili hakuja. Nilipita kwake mara moja, nikakuta anashona kamba ya kiatu, hatukuzungumzia karata. Wiki ya tatu akaja, akalalamika kwamba chai yangu ni maji ya kuoshea vikombe, akakaa upande wa bluu.

Najua mtu wa tathmini angeandika nini. Kuna safu mbili kwenye fomu yake. Angeweza kuandika "mnufaika alipata kiwewe", na kufunga mchezo, au angeweza kuandika "mnufaika alipata uponyaji", na kuomba fedha za kuucheza kambi tano. Mimi nakataa safu zote mbili. Mwalimu alikuwa anacheza karata nyumbani kwa jirani. Alitoa dokezo baya. Alisimulia kwa sababu aliulizwa na mtu aliyeudhika kushindwa. Alikaa kwake wiki mbili kwa sababu alitaka, na akarudi kwa sababu alitaka. Hayo ya moyoni ni yake.

Sisemi kila mtu acheze. Kuna dada mmoja hapa kipangoni ambaye tangu mwanzo alisema: "Mimi neno hilo sitalicheza." Hatukumwuliza sababu, naye hakutupa. Anakuja kila Jumamosi, anachambua maharage, na hadithi ikipoa yeye ndiye anayeipuliza. Ukimfanyia utaratibu wa kumlinda utamwondoa chumbani. Yeye alishajilinda kwa sentensi moja.

Ndugu zangu wa mashirika, nyinyi mnapenda vifungu, nami nimetafuta. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 31, unampa mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Mimi nimevuka umri huo, mwalimu ndiyo kabisa. Lakini Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 24, linasema kila mtu ana haki ya mapumziko na faragha yake ya kustarehe. Kila mtu. Halisemi starehe yenye viashiria. Miaka yote niliyokaa Kigeme sikumbuki mchezo mmoja ulioletwa kwetu bila somo ndani yake, kama dawa iliyofichwa kwenye ndizi. Mpira ulikuwa wa kupinga mimba za utotoni. Ngoma ilikuwa ya kunawa mikono. Mtu mzima aliyekimbia na watoto wanne anachezeshwa kama mtoto, kisha anaulizwa amejifunza nini. Amejifunza kwamba hamumwamini hata na furaha yake.

Na nyinyi wa kambini, msisubiri boksi. Katoni moja ya biskuti inatosha. Kateni vipande 25 kwa kuanzia, andikeni maneno yenye maana mbili tatu, wazee wanayajua kuliko vijana. Ufunguo chora kwa kalamu ya bluu na nyekundu kwenye karatasi ya daftari, ficha na kitabu. Kuta zenu ni nyembamba, najua, nimelala Kigeme nikisikia jirani akigeuka kitandani, kwa hiyo nong'oneni. Jirani akigonga, mfungulieni mwonyesheni meza. Kama kuna mtu anasema neno hilo hapana, mpeni maharage achambue.

Jumamosi hii ni ya umuganda, tutaanza saa kumi na moja jioni watu wakishapumzika. Mwalimu ameomba yeye ndiye asimulie, na mji ni Sake. Vikombe vyangu ni sita, beba chako.

Na kwa aliye na ufunguo wa lile kabati: maneno ya Kiingereza kaeni nayo. Lakini mle ndani kuna kisaa kidogo cha mchanga cha kupima muda wa mkuu. Mama mwenye nyumba anafikiri dakika nane kwa dokezo moja, na simu ya fundi inaishiwa moto. Kisaa hakina maudhui. Kirudisheni.